Bwana Tisini Ubaoni

Tarehe 31 Mei 1956, Alhamisi, ukungu uliifunika Kasongo asubuhi hata mnara wa kanisa ukawa kama unaelea. Ilikuwa sikukuu ya Sakramenti. Octave, mwashi wa misheni mwenye miaka arobaini na moja, alisimama kando ya njia akisali. Jioni hiyo angeitwa ubaoni mara ya tatu, na ya mwisho, katika darasa la watu wazima. Akishindwa kueleza daraja la polinomia, yaani msururu wa namba zenye x, hatapelekwa kijiji cha Wamaza kufundisha.

Kosa lake lilikuwa lile lile. Kwao mkubwa hutangulia: ndiye hunawa mikono kwanza, ndiye huonja ugali kwanza. Basi kila alipoona msururu wa namba, ukubwa alimpa aliyesimama mbele.

Maandamano yakatokea ukunguni. Watoto walitupa maua, akafuata mama Régina, mnene, tajiri wa mawese, kisha waimbaji. Octave akawaona kama herufi zinazotembea bila kukanyaga chini, kila mmoja na namba ndogo begani. Nyuma kabisa, chini ya mwavuli mweupe, akaja padri amebeba Sakramenti. Watu wote wakapiga magoti. Octave alibaki magotini hata nyimbo zilipofika mbali.

Saa kumi na moja jioni, mwalimu Grégoire aliandika ubaoni: 90x + 7x² + 2x³.

"Bwana Tisini, simama!" alisema Alimasi, fundi cherehani aliyeketi naye benchi moja. "Wiki jana ulituambia daraja tisini. Leo iko mia?"

"Niache, ndugu yangu. Niko nasali."

Darasa likacheka. Octave akashika chaki.

"Mwalimu, huyu tisini anatangulia, tena ni mnene. Lakini unene si daraja. Natazama x, na namba ndogo iliyo juu yake. Hapa moja, ingawa haikuandikwa. Hapa mbili. Hapa tatu. Kubwa kuliko zote ni tatu. Basi daraja ni la tatu, hata mwenye hiyo tatu akikaa nyuma."

"Na nikiweka elfu moja mbele yao wote?"

"Elfu haina x, mwalimu. Daraja ni lile lile."

Grégoire akaandika jina lake kwenye karatasi ya watakaopelekwa Wamaza. Alimasi akawa wa kwanza kupiga makofi.

Octave akawageukia wenzake darasani. "Mbele ya Mungu, mbele ya mwalimu, na mbele yako, Alimasi, naahidi: kule Wamaza sitamfukuza mutoto hata mmoja kwa sababu amekosa mara tatu."