Abee Mbele ya Chuma

Kosa ni langu, wala sitafuti wa kumsingizia. Mke wangu alinionya nyumbani, akanionya njiani, akanionya tena mlangoni. "Mzee, ukishakaa pale wewe ni mteja. Humjui yule mtoto, naye hakujui. Mdomo ufungue kwa chakula tu." Nikamwambia sawa. Miaka hamsini na tatu naishi na mdomo huu, nilidhani tunaelewana.

Binti yetu ndiye aliyekuwa anapimwa mchana ule. Alikuwa na mwaka mmoja na nusu kwenye mkahawa wa Kijapani, ile aina ambayo hupikiwi kule nyuma ukaletewa. Unakaa kwenye kaunta, mbele yako kuna bamba la chuma la moto, refu kama kitanda, na mpishi anapika hapo hapo unamwangalia. Muda wote huo yeye alikuwa wa kuosha vyombo, kumenya na kusugua. Kupika kwenye chuma, hapana. Chuma anakishika aliyepimwa na mpishi mkuu, Mjapani wa makamo ambaye wote pale wanamwita Mwalimu, na Mwalimu anapima mara moja kwa mwaka. Ukishindwa, unarudi kwenye sinki mpaka mwakani. Sharti lake ni moja tu: unaowapikia siku hiyo wasiwe watu wako. "Ndugu anakula hata kilichoungua, halafu anasifu," ndivyo anavyowaambia.

Sasa mimi nitaachaje kwenda? Nilipiga simu nikaweka nafasi kwa "fundi na mkewe". Uongo uko wapi hapo? Mimi ni mkufunzi wa kuchomelea vyuma kwenye chuo cha ufundi, na diploma yangu iko ukutani sebuleni, atakaye aje aisome.

Na niseme yote, sikwenda na moyo mweupe. Huyu mtoto alianza diploma ya umeme, mwaka wa pili akaitupa, eti anakwenda kupika. Nilinuna wiki tatu. Tangu hapo kila akija nyumbani namuuliza, "Mama, mayai bado yanakaangika?" Namwita Mama kwa sababu kabeba jina la mama yangu mzazi, hivyo ndivyo nimemwita tangu yuko kwenye nepi. Anacheka, ila kicheko cha upande mmoja. Kwa hiyo nilikwenda nione kwa macho yangu hicho kilichoushinda umeme.

"Hebu vua hiyo miwani ya jua," mke wangu akaninong'oneza tulipokaa. "Unafanana na mtu aliyekuja kukamata wenzake."

Tulikuwa wateja watatu. Kulia kwangu alikaa nesi aliyetoka zamu ya asubuhi, saa yake ndogo bado imening'inia kifuani, njaa imemkaba. Mwalimu alisimama pembeni, mikono nyuma, kama msimamizi wa mtihani wa taifa. Halafu mlango wa jikoni ukafunguka, akatoka binti yangu, kofia nyeupe, aproni imekazwa. Akatuona. Macho yake yakatupita kama mtu anavyopita nguzo ya umeme.

"Karibuni, wageni," akasema, akainamisha kichwa.

Mke wangu akanibana goti chini ya kaunta. Ile sauti hatukuwahi kuisikia kwetu. Kwetu anaongea kama anaita basi.

Akadondosha matone ya maji kwenye chuma. Hayakukauka. Yalijikunja yakawa shanga, yakakimbia yanazunguka mpaka ukingoni. Akadondosha mengine upande wa kushoto. Hayo yakachemka yakatulia. Akaitikia kidogo kwa kichwa, amepata jibu lake. Jamani, mimi chuma nakijua. Wanafunzi wangu nawafundisha muhula mzima kwamba bamba moja halina moto mmoja, katikati kuna lugha yake na pembeni kuna yake, na nusu yao wanamaliza chuo hawajaelewa. Huyu alikuwa anaisoma ramani nzima kwa vidole vilivyolowa maji.

Kisha akaanza. Miko miwili bapa ya chuma, mmoja kila mkono, ikawa inagonga bamba kwa mpigo mmoja usiokosea. Yai akalirusha, likatua kwenye ncha ya mwiko, likapasuka, ganda likabaki juu, ute na kiini vikashuka chini vizima. Kamba wakubwa aliwavua maganda bila kuwagusa kwa mkono. Wali ukapanda hewani wote kwa pamoja, ukageuka huko huko juu, ukarudi, na sikuona punje iliyopotea.

"Huyu mtoto ana mifupa kweli?" nesi akaniuliza. "Mikono gani hiyo?"

"Sijui," nikasema. "Simjui kabisa."

"Sijakuuliza kama unamjua, baba."

Mke wangu akanikanyaga.

Kuna wakati mtu unaona kitu mpaka unasahau kufumba mdomo. Mimi nimemlea yule, nimemfunga kamba za viatu, lakini mbele yangu alisimama mtu ambaye sikumfahamu, na huyo mtu nilimwogopa kidogo, kama unavyoogopa mashine inayozunguka kasi sana mpaka inaonekana imesimama.

Ndipo akamimina mvinyo mkali juu ya kamba, akausogezea kiberiti.

Moto uliruka ukatupita vichwa. Wa buluu chini, wa manjano juu, na mkono wake uko katikati, shati jeupe, kifungo cha mkononi kimefunguka. Nimeona mikono ya vijana ikiungua karakana. Sikufikiria chochote.

"Mama! Mkono!"

Hapo bado ningepona. Mwanamke gani haitwi mama? Nesi angedhani ni heshima tu ya mteja kwa mpishi. Ila yule mtoto, akiwa ndani ya moto, akili yote iko kwenye miko, alifanya nilichomfundisha mimi mwenyewe kuanzia anaota meno.

"Abee, baba!"

Moto ukazima. Miko ikasimama. Mkono wake ulikuwa salama kabisa, hata unywele haukuungua; alijua vizuri ulipoishia moto. Asiyejua nilikuwa mimi.

Mwalimu akasogea taratibu.

"Abee," akasema, kama mtu anayeonja neno. "Nina miaka kumi na moja hapa. Wateja wanawaita wapishi wangu mama, dada, shangazi. Wanajibu 'ndiyo', wanajibu 'karibu'. Abee sijasikia hata siku moja. Abee ni ya nyumbani."

Binti yangu akainama. Machozi hayakutoka, ila vidole vilikaza miko.

"Mwalimu, sikuwaalika," akasema.

"Kweli hakutualika," mke wangu akadakia. "Mwenye hatia ni huyu hapa, na mdomo wake usio na breki."

"Ni mimi," nikasema. "Yeye hana kosa. Nihesabie mimi."

"Wewe hujaomba kazi kwangu," Mwalimu akasema.

Nesi akanigeukia. "Baba wee, si ulisema humjui?" Halafu akamgeukia Mwalimu. "Basi nihesabuni mimi! Mimi si ndugu yao, namwona leo. Nitasema ukweli, kazini nawaambia watu ukweli kila siku na hawaupendi."

Mwalimu akamwangalia kwa upole. "Ulikuwa sawa dakika tano zilizopita. Sasa unamwonea huruma. Hiyo nayo ni undugu."

Nesi akafunga mdomo. Nilimwonea wivu, kwa jinsi alivyoweza.

Nilihesabu miezi kumi na miwili ya sinki, sabuni na mikono kukunjamana, yote kwa neno moja. Nikatamani bamba lile linimeze.

Mwalimu akavua aproni yake. Akaikunja vizuri, akaiweka kwenye rafu, akazunguka kaunta, akavuta kiti cha mwisho, akakaa upande wetu. Akanyoosha shati. Akaweka mikono mapajani kama mtu aliyetoka mbali, anasubiri kuhudumiwa.

"Mimi si ndugu yako," akamwambia. "Na sina huruma. Nina njaa. Nipikie kitunguu."

"Kitunguu na nini, Mwalimu?"

"Kitunguu."

Mke wangu alinishika mkono, mara hii si kwa kunibana. Kitunguu peke yake, hakuna moto wa kuruka wala yai la kurusha. Hakuna pa kujificha.

Akasafisha chuma kwanza. Akadondosha maji tena, akasikiliza. Akachagua kitunguu kimoja kati ya vingi, si kikubwa. Akakata vipande vinene, vinne, kisu kikipita bila sauti, akavilaza pembeni, kule ambako moto ni mpole. Kisha hakufanya kitu. Alisimama tu, akivitazama. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshavigeuza mara sita moyoni. Yeye hakugusa. Harufu ikaanza kuja, ya ukali kwanza, ikalainika, ikawa tamu mpaka nesi akafumba macho. Nilimtazama mtoto usoni nikaona utulivu niliowahi kuuona kwa mtu mmoja tu maishani, fundi mzee aliyenifundisha kuchomelea bomba la mvuke. Alikuwa anasikiliza kitunguu. Naapa. Sauti ilipobadilika kidogo, kitu ambacho mimi sikukisikia, mkono ukaenda, akageuza vyote vinne kimoja baada ya kingine, na kila kimoja kilikuwa rangi ya dhahabu kutoka ukingo mpaka ukingo, hakuna kilichomzidi mwenzake. Akavisogeza katikati kwa pumzi tatu. Chumvi kidogo tu. Akaweka kwenye sahani, akaisukuma kwa mikono miwili.

Nilikuja kuangalia mayai yakikaangwa. Nilitamani kusimama kama watu wanavyosimama msafara wa mkubwa ukipita, ila mke wangu alikuwa bado amenishika mkono.

Mwalimu akashika vijiti. Akala kipande cha kwanza, akitafuna polepole, macho kwenye chuma. Akala cha pili. Cha tatu. Cha nne alikikata katikati, akakitazama ndani, akakila nacho. Akaweka vijiti chini, vimelingana.

Nesi alikuwa ameshika saa yake kifuani kama anapima mapigo ya moyo ya mtu.

"Mwalimu," nikasema, na sauti yangu ilitoka ndogo kama ya mtoto wa chekechea, "naomba utuambie basi."

Mwalimu akaisukuma sahani tupu mbele, mpaka ukingoni mwa chuma, akaiacha hapo. "Niongezee, sinki litapata mwingine," akasema. Binti yangu alikuwa ameshachukua kitunguu kingine.