Barua kwa Magazeti ya Nje

Video ya muuguzi mgeni akifukuzwa mgahawani kwa sababu ya rangi yake ilienea duniani, na mkuu wa idara yetu ya habari serikalini akakosa raha.

"Andika haraka," aliniambia mimi, mfasiri wake. "Huko nje wanatuita wabaguzi. Wajue sisi ni wakarimu."

"Sawa, bosi. Lakini muuguzi mwenyewe, kuna aliyemwomba radhi?"

Akajikuna kichwa, kisha akachukua funguo za gari.

Tulimkuta zahanati akimfunga bibi mmoja bendeji mguuni. Bosi akamwomba radhi kwa sauti ya chini.

"Asante, mzee. Wewe ndiye wa kwanza," alisema muuguzi, uso umechangamka.

Bibi akadakia, "Basi kama mmemaliza, mwacheni anifunge mguu!"

Tulicheka njia nzima. Barua niliyoandika ilikiri kosa, ikaishia hapo.