Magamba ya Chupa za Borghild

Borghild Nikolaisen alikuwa na kiburi cha mikono yake. Kwa miaka ishirini na minane, katika kituo kidogo cha utafiti wa bahari huko Finnmark, kaskazini kabisa mwa Norwe, ni yeye aliyeshusha wavu kila Mei, akavua konokono wadogo kama punje ya uwele, wale wenye mabawa waitwao vipepeo wa bahari, akawatia chupani. Maprofesa walikuja wakaenda. Chupa zilibaki, na mwandiko uliokuwa juu yake ni wake.

Kazi hii ina sharti ambalo hata mjinga hulijua. Fomalini, dawa inayowahifadhi wasioze, ina asidi, na asidi hula gamba. Ndiyo maana kila chupa hutiwa kijiko cha boraksi cha kuituliza. Boraksi nayo huacha unga mweupe unaoganda kila mahali, na kuusafisha ni karaha tupu. Basi miaka mitatu mfululizo Borghild akaona ya nini kujitesa, akaacha kuitia, ila daftarini akaendelea kuweka alama ya vema kila mstari. Nani angemkagua? Mkaguzi alikuwa yeye mwenyewe.

Ndipo akaja Maiken Sørflaten, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu, akili kali na ulimi mkali zaidi. Alifungua chupa za miaka ile mitatu akakuta magamba yametoboka kama sweta lililoliwa na nondo. Alifurahi, maana wako watu hufurahia msiba ilimradi wao ndio wa kwanza kuutangaza. Akasema bahari ya baridi imeshajaa asidi itokanayo na moshi wetu, hadi inawayeyusha viumbe wakiwa hai. Kabla ya kuandika akamuuliza Borghild kama boraksi ilitiwa. Borghild akajibu ndiyo, tena kwa kufoka, kama mtu aliyetukaniwa mama. Jumapili iliyofuata alikwenda kituoni peke yake na mfuko wa boraksi, akaitia chupa moja moja. Maiken alipopima Jumatatu, karatasi ya kupimia asidi ilionyesha kila kitu ni shwari.

Aliyelipia uongo huo ni Jostein, mtoto wa marehemu mdogo wake Borghild, aliyemlea tangu akiwa na miaka sita. Jostein naye alikuwa mtafiti pale. Miaka ile ile mitatu, katika maji yale yale, aliwapiga picha konokono kwa hadubini wakiwa hai, na magamba yao yalikuwa yameanza kuchakaa ukingoni tu. Hakukana kwamba bahari inaharibika. Alisema inaharibika polepole, na kiasi chake ndicho hiki. Lakini chupa zilisema vingine, na kituo kikaamini chupa. Wakasema ameficha picha mbaya akaacha nzuri. Wakamfukuza. Mwaka wa nne huu anapasua samaki aina ya samoni kiwandani, na kila akija kula kwa mama yake mkubwa, Borghild humpakulia mara mbili, asimwambie neno. Ukarimu wa namna hiyo ni uchawi.

Kisha chuo kimoja cha kusini kikamwambia Jostein kiko tayari kumpokea, mradi asafishe jina lake kwanza. Nafasi ikawa moja tu: siku ya Maiken kutetea tasnifu yake hadharani. Kwa desturi, mwenyekiti huuliza kama yupo yeyote kati ya wasikilizaji mwenye pingamizi. Huwa hakuna anayesimama. Saa hiyo watu huwa wanawaza keki ya pongezi.

Jostein akasimama. Akauliza kwa adabu ilikuwaje konokono wa ghuba moja, wiki moja, wawe wazima kwenye picha na watoboke chupani.

Maiken akatabasamu. "Jostein, hadubini ni kama kisu cha samaki, inategemea kashika nani. Wewe naona hatimaye umepata chombo chako."

Ukumbi ukacheka. Watu wazima, wenye mvi na vyeo, walicheka hadi wakapangusa macho, na Jostein amesimama vile vile, shingo nyekundu, mikono imejaa makovu ya kazi.

Borghild hakuweza kuvumilia tena. Akainuka.

"Sikutia boraksi," akasema. "Miaka yote ile mitatu. Nikaja nikaitia baadaye, Maiken aliponiuliza, nisiumbuke. Magamba yaliliwa chupani. Hayakuliwa baharini."

Alingoja wamrukie. Alikuwa tayari kwa aibu, kazi iende, jina liende, mradi mtoto apone. Lakini Maiken alishuka jukwaani taratibu, akamwekea mkono begani.

"Borghild, damu nzito kuliko maji, na sote tunajua umemlea. Ila chupa nilizipima mwenyewe, na daftari lina alama zako mstari kwa mstari. Usijivunjie heshima ya miaka ishirini na minane kwa ajili yake."

Watu wakatikisa vichwa kwa huruma. Mwenyekiti akamshukuru kwa moyo wake wa mzazi, akaomba ratiba iendelee. Borghild akarudia kwamba ni kweli. Aliporudia mara ya tatu wakamletea maji ya kunywa. Waswahili husema mchimba kisima huingia mwenyewe; huyu alitanguliza mwanawe, na aliporuka kumtoa akakuta alikichimba vizuri mno. Nusu saa baadaye Maiken alikuwa daktari wa falsafa.

Borghild alimkuta Jostein nje ya ukumbi, penye makoti, wengine wakiwa wamejipanga kwa keki.

"Jostein, nakuapia ni kweli."

"Najua," akasema. "Kumbe ulijua miaka yote hii, nikiwa mezani kwako." Alihangaika na zipu ya koti, vidole vyake vilivyoharibiwa na barafu havikuishika upesi, na Borghild akanyoosha mkono kumsaidia. Jostein akausukuma.

"Humu ndani mote, mama mkubwa, anayekuamini ni mimi peke yangu."

Akafunga zipu, akatoka.