Ulaini wa Kababu

Bi Lela alianza kujikuna mwezi wa Rajabu, na kufikia katikati ya Shaabani nyumba nzima ilikuwa imepoteza utulivu. Alijikuna mgongo kwa mwiko na miguu kwa kisigino cha mguu wa pili. Akiketi sebuleni hakai, anahamia kitandani. Akilala halali, anainuka kwenda kuegemea ukuta wa korido, ule wenye plasta ya mchanga mchanga, akajisugua pale huku midomo ikisoma uradi. Ngozi haikuwa na upele hata mmoja. Ilikuwa kavu tu, imejaa mistari ya kucha.

Hikma, binti yake wa pekee, alikuwa amejaribu kila kitu. Alibadilisha sabuni. Alichemsha mashuka. Maji ya kisima cha ploti yao ya kupanga pale Njiru, Nairobi, yalikuwa na chumvi, basi akawa ananunua madumu ya maji matamu ya kumwogeshea mama. Waruguru, jirani wa mlango wa pili, alishikilia kwamba ni kunguni. Alikuja na bomba lake la dawa akapuliza vitanda, makochi, hata nyuma ya kalenda, wakashinda wamekaa kwenye ngazi kama watu waliofungiwa nyumba. Kunguni hakupatikana. Waruguru akasema kunguni wa siku hizi wamesoma, wanajua kujificha.

Mwishowe Bi Lela aliamua mwenyewe. Nyumba hii ina kitu, alisema, na Ramadhani hataifungia humu. Anarudi kisiwani kwa dada yake. Tikiti ya basi ikakatwa, ya Jumamosi.

Hapo ndipo Hikma alipokosa usingizi. Figo za mama yake zilikuwa zimeshindwa tangu mwaka juzi, na kila Jumatatu na Alhamisi alilazwa kando ya mashine hospitalini isafishe damu yake. Kule kisiwani kwa mama mkubwa hakukuwa na mashine. Hikma alilisema hilo kwa upole, akalirudia kwa kulia. Mama alimjibu kwamba binadamu hufa siku yake, lakini yeye anawashwa kila saa.

Alhamisi, kabla ya mashine, waliitwa na Mukami, mtaalamu wa lishe wa pale hospitalini. Alisema majibu ya damu yameonyesha fosforasi, madini yatokayo kwenye chakula, imepanda sana. Figo nzima huitoa kwa mkojo. Figo iliyochoka huiacha izunguke, ikaila mifupa, ikaiharibu mishipa, na mwili ukawasha. Hikma alihisi kifua kimefunguka. Basi si nyumba. Lakini mama yake aliona ametuhumiwa kula kwa kujificha.

"Maharage nimeacha," Bi Lela alisema. "Maziwa nimeacha. Karanga nazitazama tu kwa macho. Wataka niache na mate?"

Mukami alicheka, akauliza, basi anakula nini hasa. Bi Lela akajinyoosha kitini. Akasema anakula kababu za mwanawe, na Nairobi nzima hakuna wa kumfikia: zaingia mdomoni zikayeyuka zenyewe, hata asiye na jino atakula akashiba. Mukami alimgeukia Hikma na kumuuliza wanatia nini mpaka zinakuwa laini hivyo.

"Viungo," Hikma alisema, akitazama viatu vyake.

Hakuwa amesema uongo, wala hakuwa amesema kweli. Hikma alikuwa amesomea upishi chuoni, na sasa alifanya kazi katika jiko moja la mtaa wa Mowlem linalouzia maduka kababu. Kila asubuhi alipima unga mweupe, akauyeyusha kwa maji baridi na kuukanda na nyama ya kusaga. Ulikuwa fosfeti, chumvi yenye hiyo hiyo fosforasi. Nyama ikiupata hushika maji yake, hushikana yenyewe, haisinyai ikifika kwenye mafuta. Chuoni walifundishwa kwamba ni rafiki wa mpishi: ndugu zake wamo ndani ya soseji, ndani ya jibini inayoyeyuka vizuri, ndani ya hamira ya unga ya keki, hata ndani ya soda nyeusi. Unaruhusiwa, ila kwa kipimo, na mtu mwenye figo nzima haumdhuru kwa kipimo hicho. Hikma hakuwahi kukosea kipimo cha wateja.

Za mama yake ndizo alizozizidishia kidogo. Fizi za mama zilikuwa zinauma, hamu ya chakula ilikuwa imekwisha, na ule ulaini ndio pekee uliomfanya aombe cha pili. Tangu maharage na maziwa yapigwe marufuku, kababu zilikuwa chakula cha mchana na cha usiku.

Alirudi nyumbani na lile neno la Mukami, fosforasi, limemkwama kichwani. Alifagia palipofagiwa. Alianza kuosha vyombo akaviacha kwenye povu, akapanda darini kwenye kamba za kuanikia nguo, akashuka bila kukumbuka alichofuata. Ijumaa kazini aliushika ule unga mkononi mpaka mwenzake akamuuliza kama anausomea dua.

Aliporudi jioni, Waruguru alikuwa amekuja kuaga. Alikuwa amekaa kitandani akimsaidia Bi Lela kukunja madera, huku akimwambia kwamba akifika pwani asahau baridi ila asisahau majirani. Bi Lela alimwona binti yake mlangoni akamwagiza, mkono ukiwa bado unakuna shingo, amfungie kababu bakuli zima. Nusu za njiani, nusu za dada yake, aonje mkono wa mtoto.

Hikma alisimama.

"Sizipiki, mama," alisema. "Ni hizo zinazokuwasha."

Kisha akasema yote, haraka, kwa sauti ndogo iliyowafanya wainamishe vichwa kumsikia: ule unga, kazi yake, na jinsi alivyouzidisha. Alieleza kwamba fosforasi ya maharage mwili huichukua sehemu tu, lakini hii ya unga huingia karibu yote. Waruguru alishika mdomo. Mkono wa Bi Lela ulikuwa umesimama shingoni.

"Kwa hiyo nyumba haina kitu."

"Haina."

"Ni mkono wako."

"Ni mkono wangu, mama."

"Na jana mbele ya yule msichana wa lishe ulimeza ulimi. Ulimwogopa?"

"Niliogopa hutakula tena ninachokupikia."

Waruguru alitaka kusema jambo, Bi Lela akamtuliza kwa kiganja.

"Nenda jikoni," Bi Lela alisema. "Pika bila huo uchawi wako. Nione."

Hikma alinunua nyama mbichi kwa bucha la chini, akaichemsha, akamwaga maji yake yaliyotoa sehemu ya fosforasi ya nyama, akaisaga na kitunguu na bizari. Kababu zilipasuka kwenye mafuta, zikasinyaa, nyingine zikabaki makombo. Bi Lela alitafuna ya kwanza upande mmoja wa mdomo, akahamia wa pili, akanywa maji kidogo.

"Ni kama natafuna mkeka," alisema. Akachukua nyingine.

Hikma alimwambia ukweli uliobaki: muwasho hautakwisha kesho, huenda wiki nyingi zipite, na hata hapo lazima ameze vidonge vyake vya kunasa fosforasi pamoja na chakula, asivifiche chini ya mto. Bi Lela alikubali hilo la mto bila kubisha. Akaomba simu, akampigia dada yake na kumwambia asimtume mtu kumpokea. Safari imeahirishwa. Atafumba macho, Ramadhani hii aimalizie Njiru, na akiona bado anawashwa baada ya Idi, hapo asiulizwe tena.

Dada yake aliuliza kisa. Bi Lela alisema ni hadithi ndefu, watazungumza, salamu kwa wote. Alikata simu, akajigeuza, akampa binti yake mgongo.

"Hapo katikati," alisema. "Mkono haufiki."

Hikma alifuta mafuta vidoleni, akaanza kumkuna taratibu kwa kiganja.