Maneno Matano ya Musoki

Mwanafunzi wa kawaida akikosea, anapewa alama ndogo na mambo yanaisha. Musoki alikosea, akabebwa juu mabegani. Hilo ndilo lililomsuta wiki nzima: kwamba walimbeba uwanjani, mkoba wa huduma ya kwanza ukimning'inia kifuani, watu wakiita "Docta! Docta!", naye akacheka meno yote nje.

Alikuwa mwaka wa tatu chuo kikuu huko Kampala, akisomea tiba ya michezo. Chuo kilikuwa kimemrudisha kwao Kasese kwa miezi mitatu, ajifunze kazi kwa vitendo kwenye timu moja ya daraja la chini iitwayo Nyota ya Mpakani. Kazi yenyewe ilikuwa kufunga vifundo vya miguu, kukanda misuli, na kuamua nani anafaa kuendelea kucheza. Hasa hilo la mwisho. Mchezaji akigongwa kichwa, unamtajia maneno matano, unamwuliza mambo mengine kidogo, kisha unamwambia ayarudie yale matano. Akishindwa, anatoka. Mhadhiri wao alisisitiza mpaka sauti ikamkauka: orodha ibadilishwe kila mara.

Musoki hakubadilisha. Alikuwa na orodha moja tu, aliyoiandika mwenyewe kwa Kiswahili ili Wakonzo wa hapo na Wakongo waliovuka mpaka wote waielewe: kiatu, chumvi, mlima, sufuria, punda. Aliwafundisha wachezaji mazoezini, wakijue kipimo, wasikiogope. Wao wakakigeuza wimbo. Kila asubuhi wakinyoosha viungo, nahodha anaita "Kiatu!", wenzake wanaitikia neno kwa neno mpaka "Punda!", na hapo wote wanapiga makofi. Musoki aliona raha. Timu gani nyingine inaimba kipimo cha daktari wake? Alivimba kichwa, tuseme ukweli.

Basi Jumamosi iliyopita, uwanjani Kasese, Sosthène akaruka kuuwahi mpira wa kona, akagongana na kipa wa wapinzani, akaanguka kama gunia. Sosthène ndiye mshambuliaji wao, kijana wa miaka ishirini aliyekimbia vita Beni, Kongo, pamoja na mama yake, na sasa wanaishi Bwera. Mabwana wawili wa klabu kubwa ya Kampala walikuwa wamekuja kumtazama yeye tu. Sare ya bao moja kwa moja, dakika kumi zimebaki. Kocha Olanya, mwanajeshi mstaafu ambaye kila mtu humwita afande, alisimama kwenye mstari akifoka.

"Daktari! Iko fit ama hapana? Sema haraka!"

Macho ya Sosthène yalikuwa yakielea. Musoki aliyaona. Akamtajia maneno, na kijana akayarudisha yote matano kwa mpigo, kisha akapiga makofi baada ya punda. Alipiga makofi, jamani! Hata mtoto wa chekechea angejua kwamba huo ni wimbo, si kumbukumbu. Musoki alijua. Akainua kidole gumba, Sosthène akarudi uwanjani, na dakika ya mwisho akafunga bao la ushindi. Jioni Musoki alimwambia mama yake Sosthène kwamba mwanawe yuko mzima, kisha kwenye daftari lake la chuo akaandika: "Amepimwa. Amefaulu."

Alhamisi mama yake Sosthène akampigia simu. Kichwa kilikuwa kinamwuma mtoto, tena sana. Musoki alipanda gari, akapita njia panda ya Kikorongo bila kuona hata kibanda kimoja, akashuka Bwera. Jumamosi kulikuwa na mechi nyingine, na wale mabwana wangerudi na karatasi za mkataba. Lakini Sosthène akigongwa tena kichwa hicho hicho kabla hakijapona, angeweza kufa palepale kwenye nyasi. Hilo Musoki alilisoma, akalifanyia mtihani, akapata alama themanini na tano. Ili Sosthène azuiwe, ilibidi mtu aseme ukweli wa siku ile, maana daftari lilisema amefaulu. Na akiusema, chuo kingemfutia mafunzo yote, pengine kimfukuze kabisa.

Mama Emérance, mwuza vitenge wa soko la Mpondwe, alimpokea mlangoni kwa mikono miwili.

"Karibu, docta, karibu mutoto yangu. Ikala. Ni wewe njo ulichunga mwana yangu ile siku." Akamwekea mapajani kitenge kipya cha manjano, bado kina harufu ya duka. "Chukua, ni ya kwako."

Musoki alitamani ardhi ipasuke immeze. Afande Olanya alikuwa ameshafika, ameketi na jezi namba tisa ya Sosthène juu ya goti. Sosthène alilala amegeukia ukuta, shati limefunika macho, maana mwanga wa dirisha ulimchoma.

"Docta, umefika saa ngapi?"

"Sasa hivi tu, Sosthène."

"Ni malaria," alisema Mama Emérance. "Nilisha mupatia dawa."

"Docta," akauliza tena Sosthène, "umefika saa ngapi?"

"Pima yeye," Olanya akaamuru. "Jumamosi iko karibu."

Musoki akapiga moyo konde. Akamtajia maneno mapya, polepole: daraja, sabuni, kuku, muhogo, kofia. Akamwambia ataje siku za wiki kuanzia mwisho, naye akakwama kwenye Alhamisi. Kisha akamwomba arudie yale maneno matano.

Sosthène akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Kiatu. Chumvi. Mulima. Sufuria. Punda." Akapiga makofi, taratibu.

"Unaona!" Mama Emérance akapiga vigelegele. "Iko muzima! Aksanti Yezu!"

Olanya alikuwa ameshainuka, anaikunjua jezi. Safari hii Musoki hakuhitaji hata kuinua kidole. Kunyamaza kungetosha.

"Mama," alisema, "hiyo si maneno nimeuliza leo. Hiyo ni wimbo ya timu. Hata ile siku alisema wimbo. Mimi nilijua, mama. Nilijua, nikamrudisha."

Vigelegele vikakatika.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukaniambia iko muzuri?"

Olanya akaikunja jezi mara nne, akaitia kwapani.

"Kesho leta begi ya timu," alisema. "Na ile daftari. Andika yote umesema hapa. Ata mimi naandika: nilipiga kelele." Akatoka.

Musoki alisema yaliyobaki haraka, kabla hajavunjika: apelekwe hospitali leo, asicheze, chumba kiwe na giza. Mama Emérance alikichukua kile kitenge mapajani pa Musoki bila kumtazama usoni, akakitundika dirishani kwenye misumari miwili, akavaa viatu, akaenda kutafuta gari. Afadhali angenitukana, Musoki aliwaza.

Chumba kikawa na mwanga hafifu wa manjano. Sosthène akaliondoa shati usoni.

"Docta, umefika saa ngapi?"

"Sasa hivi."

"Na ile kipimo? Nimepita?"

Musoki alimshika mkono.

"Hapana, Sosthène," alisema. "Hata ile siku hukupita."