Mwaloni Uliomshinda Bi Verna

Kila mwaka, kwenye maonesho ya kilimo ya Redbud, kaskazini mwa California, Bi Verna Stambaugh alivikwa utepe wa mkazi mkongwe kuliko wote, akala pai, akaongoza gwaride. Wapinzani wake walikufa mmoja baada ya mwingine, naye akawazika bila kinyongo.

Safari hii jirani yake Orville, mfuga mbuzi, akaandikisha mti wa mwaloni ushindanie utepe huo.

"Mwaloni gani?" Verna akafoka.

"Ule wa kilimani kwangu, Bi Verna. Kwenye mawe ya kijani."

"Kile kichaka? Si mbuzi wako wanakiruka!"

"Udongo ule ni sumu, mama. Hata magugu yanaukimbia. Mwenzako yupo pale tangu enzi za mababu. Hakukua, alizeeka tu."

Kanuni zilisema "mkazi", hazikusema mtu. Mwenyekiti wa kamati, Twyla, akapanda kumhoji mgombea, akarudi soksi zimechanika, akatangaza kwamba mgombea hakukana umri wake. Mwaloni ukashinda.

Shida ni kwamba mshindi huongoza gwaride, na huyu hang'oki. Basi gwaride likamfuata. Wapiga matarumbeta, farasi na matrekta wakakwea mawe yanayoteleza kama sabuni. Trekta la mbele likarudi kinyumenyume, likawasukuma wapiga ngoma vichakani. Wakaendelea kupiga humo humo, maana hakuna aliyewaambia waache.

Verna alikwenda ili azomee tu. Wazima moto walimbeba kitini, wakamtua mbele ya mwaloni. Ulimfika magotini, majani yake yamejikunja, magumu kama ngozi ya viatu vya marehemu mumewe.

Twyla akauinamishia kipaza sauti. "Tuambie, siri ya maisha marefu ni nini?"

Umati ukangoja jibu kwa adabu.

Verna akaangua kicheko mpaka machozi yakamtoka. Swali hilo yeye alilijibu kila mwaka, kila mara kwa uongo mpya.

"Huyu ana akili kunishinda," akasema. Akakata kipande cha pai ya mshindi iliyoletwa na kamati, akakisogeza kwenye shina.

"Usimlishe!" Orville akapiga yowe. "Huyo amezoea njaa, akishiba anakufa!"

"Maskini." Verna akakichukua kipande, akakitia mdomoni mwake, akaegemea kiti akitafuna taratibu, huku wazima moto wakibishana wamteremshe kupitia wapi.