Waya ya Mzee Mwongera

Mimi tangu nimalize Form Four, kitu moja tu ndio nimeachiwa niguse: miksa ya sauti ya kanisa yetu hapa Kiirua. Kiti yangu iko nyuma kabisa. Sijaomba ingine.

Sasa watu wakaanza kulalamikia sauti. Kwaya ikiimba na muziki ya laptop, kanisa yote inanguruma, maneno hushiki. Mzee Mwongera wa kamati ya vyombo akaenda Meru mjini, akarudi na waya mpya ya USB ya kutoka laptop mpaka miksa. Mdomo imepakwa dhahabu. Akasema hii itasafisha sauti.

Nikamwambia, "Mzee, hii waya inabeba namba tu. Zikifika, zimefika. Zisipofika, utasikia ikikatakata ama inyamaze. Haiwezi ongeza utamu."

"Kijana, umewahi sikia dhahabu?"

"Hapana."

"Basi."

Hapo nikaona shida. Waya itawekwa, kanisa iendelee kunguruma, halafu watu waseme: waya ni mpya na imeombewa, sasa imebaki nani? Nimebaki mimi. Na mpwa wa Mzee, Kailemia, alikuwa ashaanza kukuja kukaa karibu na mimi akiniuliza hii kifungo ni ya nini.

Waya ilikuwa iombewe Jumapili. Kwetu chombo ya kanisa haitumiki kabla ya maombi. Hata sufuria ya chai iliombewa. Jumamosi nikaambia kamati niwachezee wimbo mara mbili, kwanza na waya ya zamani, halafu na mpya.

"Na maombi?" Mama Phyllis akauliza. Yeye ndiye mwenyekiti.

"Kujaribu si kutumia," Mzee Mwongera akasema.

Wakakaa wakiangalia madhabahu, Kailemia pia, mimi nyuma yao. Nikacheza. Nikainama chini ya meza, nikakaa huko kidogo, nikainuka. Nikacheza tena.

"Woi!" Karwirwa wa soprano akasema. "Hii ya pili hata nimesikia nikivuta pumzi."

"Ya kwanza ilikuwa kama watu wako ndani ya debe," Mama Phyllis akasema.

Mzee Mwongera alikuwa amefunga macho. "Hiyo ndiyo dhahabu."

"Mzee, zote mbili ni waya ya zamani." Nikainua ile mpya. Ilikuwa bado kwa pakiti. "Haijaombewa. Niliogopa kuifungua."

Wakageuka wote.

Mzee akachukua pakiti, akaiangalia mbele na nyuma. "Si mnaona," akasema. "Hata kabla ifunguliwe."

"Amina," Karwirwa akasema, halafu akaangalia dirisha.

Mama Phyllis akafikiria. "Basi kama inafanya kazi ikiwa kwa pakiti, ikae kwa pakiti. Kijana, hii kunguruma ni ya nini?"

"Ni spika, mama. Zimeangalia ukuta ya mabati. Zikigeuzwa itapungua."

"Na mbona hukusema?"

"Nilisema. Tulikuwa kwa mambo ya waya."

"Kailemia, shika huko. Na ukimaliza uketi na wengine, hiyo meza iko na mtu."

Tukageuza spika. Kunguruma ikapungua.

Jumapili waya iliombewa kwa pakiti yake, wazee wanne wameweka mikono juu. Katikati ya maombi Mzee Mwongera akafungua jicho moja, akaniashiria niongeze maiki.

Nikaongeza.